Tromboni Haina Vitufe

Enzi zetu pale mtaani Woodley, Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mtoto wa kanisa alikuwa na njia mbili tu za kukwepa kwaya: augue koo au aingie bendi. Mimi niliingia bendi nikiwa darasa la saba, nikitaka tarumbeta kama kila mtu. Mwalimu Mutua, aliyetufundisha kila Jumamosi, alinitazama mikono akanikabidhi tromboni. Alisema mikono yangu ni mirefu. Hadi leo sijui kama ile ilikuwa sifa.

Tarumbeta ina vitufe. Ukibonyeza, unajua umebonyeza. Tromboni ina mrija mrefu wa kuvuta na kusukuma, na kwenye mrija ule kuna vituo saba ambavyo havijaandikwa popote. Nilimwuliza Mwalimu kituo cha tatu kiko wapi. Akajibu, "Utakisikia." Nikatega masikio wiki nzima, wapi! Mwishowe nikachukua rangi ya kucha ya mama nikachora alama saba nyekundu. Jumamosi Mwalimu alizikwangua zote.

Nyumbani nilifanyia mazoezi bafuni, katikati ya ndoo na harufu ya sabuni ya kipande. Jirani yetu, Mama Kamau, alikuja kumwuliza mama kwa upole kama siku hizi tunafuga ng'ombe. Mama naye alizoea kuniambia, "Wambui, hata sufuria hulia ikichoka." Sikuelewa kama ananitia moyo au ananifukuza.

Mwalimu alikuwa ameshanionya: nisipoweza kupiga wimbo mmoja mzima kufikia Pasaka, narudi kwaya. Jumapili ya Matawi tukatoka kanisani kuandamana kando ya Ngong Road, kofia zimetuangukia machoni. Ubeti wa pili nilisukuma mrija kutafuta kile kituo cha mbali kabisa, nikausukuma mno. Ukachomoka, ukaanguka kwenye lami, na mpiga ngoma akaukanyaga. Waumini wakanipita na matawi yao, nami nimesimama na nusu ya tromboni, bado napuliza.

Nilingoja kukemewa. Mwalimu aliuokota mrija, akauangalia kwenye jua, akaniambia niulete ukiwa umenyooka Jumamosi. Basi. Angenikemea, ningeelewa.

Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo Jumatatu baba, aliyekuwa karani mjini, alinipeleka Grogan, kwenye magereji, kwa Fundi Kioko, mtengenezaji wa rejeta za kupozea injini za magari. Fundi hakuwa amewahi kushika tromboni. Aliingiza nondo laini ndani ya mrija, akagonga taratibu, na kila baada ya kugonga aliinamisha sikio. Alipomaliza aliniambia nipulize.

Nikapuliza, nikasukuma mrija kwenda kituo cha tatu, pale nilipodhani kipo.

"Hiyo iko chini," akasema. "Rudisha kidogo. Kidogo tena. Hapo."

Nikaisikia. Sauti ilikaa, ikaacha kutetemeka, na mafundi wawili wa jirani wakaacha kugonga mabati wakageuka. Nilimwuliza Fundi amejuaje.

"Sijui, mama," akasema. "Chuma kikikaa sawa kinaacha kulalamika."

Baba, ambaye hakuwa amewahi kusema lolote kuhusu tromboni yangu, aliniomba nipige tena ile sauti moja. Nikapiga. Akaomba tena.

Siku ya Pasaka nilipiga beti zote tatu. Nilikosea mara mbili, lakini safari hii nilijua ni wapi. Mwalimu aliitikia kwa kichwa tu, na sikurudi kwaya.

Watoto wa leo hawana taabu hizo. Binti yangu anajifunza kinanda kwa simu: taa ya kijani inamwonyesha pa kubonyeza, na akikosea simu inamwambia kabla sikio lake halijajua. Wiki moja, nyimbo tatu. Mimi wiki tano, sauti moja, tena kwa msaada wa fundi wa rejeta. Juzi aliniuliza, "Sasa mum, nyinyi mlikuwa mnajuaje kama mko sawa?"

Nikamwambia hatukuwa tunajua. Ilichukua siku nyingi, na watu wengi walituvumilia. Akacheka, akarudia simu yake. Nikabaki sebuleni nikimsikiliza. Hakukosea hata mara moja, na sijui kwa nini jambo hilo lilinitia huzuni.