Tarumbeta Juu ya Paa

Kazini walimwita Dada Kimya, kwa sababu hilo ndilo neno alilolisema kuliko mengine yote. Alikuwa fundi wa sauti katika kituo cha redio, na kwa miaka ishirini na miwili alishinda kwenye chumba kisicho na dirisha, kilichobandikwa sponji kila upande, ambamo hata mtu akimeza mate anasikika. Watangazaji walimtania kwamba siku akiolewa tena atamwambia bwana harusi asipumue. Alicheka nao, kisha akawafungia mlango.

Kaka yake mkubwa alipiga tarumbeta. Aliipigia juu ya paa la nyumba ya ghorofa tatu waliyoachiwa na wazazi, kati ya matangi ya maji na kamba za kuanikia nguo. Hakuwa na bendi wala karatasi ya noti za muziki. Kila alasiri akitoka kazini alipanda ngazi, akasimama akiusikiliza mtaa, kisha akaanza. Alichopiga leo hakikurudi kesho. Siku ambazo Dada Kimya alikuwa chini jikoni, mara nyingine alizima jiko ili asikie vizuri.

"Siku moja nitakurekodi," alikuwa akimwambia. Kaka alimjibu kwamba yeye yupo, haendi popote.

Ila siku yenyewe haikupatikana. Chini ya nyumba palikuwa na karakana ya fundi wa kuchomelea vyuma, ng'ambo ya barabara malori yakishusha mizigo, na kwa jirani kinyozi na jenereta lake. Alimbembeleza kaka aje studioni. Alikuja mara moja, akapiga dakika tatu, akasema humo ndani ni kama kuongea na ukuta, wala hakurudi tena. Basi Dada Kimya akawa anangoja siku mtaa utakapotulia, na miaka ikamponyoka.

Kaka alistaafu, magoti yakaanza kumsumbua, ngazi zikawa adhabu. Binti yake aliyekuwa akiishi nchi ya mbali akasisitiza ahamie kwake. Tiketi ikaja, safari Jumamosi.

Jumatano Dada Kimya aliomba ruhusa kazini, akapanda juu ya paa na mashine ya kurekodia na maikrofoni mbili, akazifunga vipande vya blanketi kuzuia upepo. Akashuka kumwomba fundi wa vyuma asimamishe kazi nusu saa. Fundi alikubali kwa ajili ya mzee. Kinyozi alikataa; alikuwa na mteja aliyenyolewa upande mmoja.

Kaka akaanza. Dakika ya tano lori moja likarudi nyuma, likilia pii, pii, pii. Dada Kimya alinyong'onyea, akainua mkono ili wasimame. Kaka hakumtazama. Aliidaka ile sauti ya lori, akaipiga vilevile, akaishusha, akaizungusha, mpaka ikawa kama lori ndilo linalomfuata yeye. Alipomalizana nalo aligeukia upande wa karakana, akangoja. Akangoja tena. Kisha akashusha tarumbeta.

"Fundi yuko wapi leo?"

"Nimemwomba anyamaze."

"Mwambie aendelee na kazi yake, mdogo wangu. Nikimkosa yeye, nitamjibu nani?"

Dada Kimya alishuka ngazi zote tena. Fundi alimwambia kwamba watu wa nyumba hii waamue moja, lakini akawasha grainda yake ya kukatia vyuma. Juu kule kaka akampokea, na wakaenda hivyo dakika arobaini: grainda, honi, jenereta, mwanamke akimwita mwanawe mtaa wa nyuma, na tarumbeta ikipita katikati yao kama mtu anayewajua wote kwa majina. Mwishoni kaka alifuta midomo, akauliza, "Imetosha?"

"Bado kidogo," alisema dada yake, na kaka akaongeza.

Jumamosi akaondoka.

Jumatatu Dada Kimya aliingia studioni na, kwa mazoea ya kazi, akaanza kuisafisha rekodi ile. Aliondoa honi, akapunguza grainda, akalifuta jenereta. Tarumbeta ikabaki peke yake, safi kabisa, na haikueleweka. Ilikuwa kama kumsikia mtu akiongea na simu bila kujua upande wa pili wanasema nini. Akarudisha kila kitu mahali pake, akasikiliza mpaka zamu yake ikaisha.

Baada ya miezi miwili binti wa kaka alipiga simu. "Shangazi, baba hajaigusa tarumbeta tangu afike."

Alipopewa simu, kaka alisema anakula vizuri, analala vizuri, wajukuu wanampenda. Halafu akasema, "Huku kimya sana. Nasimama dirishani nangoja, hakuna anayeanza."

Kesho yake alasiri Dada Kimya alipanda juu ya paa, akaweka maikrofoni zilezile, akaurekodi mtaa dakika arobaini bila mtu wa kuujibu. Alisimama wima kati ya matangi, hakusogeza hata mguu, macho yakiwa mahali ambapo kaka alizoea kusimama. Akaituma rekodi kwa kaka.

Siku nne hapakuwa na jibu. Ya tano simu ikaingiza sauti. Alijifungia chumbani, akavaa hedifoni. Ulikuwa mtaa wao, na juu yake tarumbeta, dhaifu mwanzoni, midomo ikiwa imesahau. Lori lilipolia, kaka hakulijibu. Dada Kimya alidhani ameacha kupiga, kisha akamsikia anavyopumua, karibu sana, kama mtu aliyekaa kando yake. Ndipo ikaja noti moja ndefu.

Akampigia.

"Imefika?" kaka akauliza.

"Imefika."

Alitaka kumuuliza atarudi lini. Lakini alishajua habari za magoti, akamuuliza kama amekula.

"Nimekula. Nitumie nyingine," kaka akasema. "Ya asubuhi, wakati wanafungua maduka."

Kesho yake Dada Kimya akaamka mapema, akapanda juu ya paa.