Kidole Gumba Kwenye Kizuizi

Wiki iliyopita, kwenye foleni ya kuvuka mpaka kwenda Goma, mbele yangu alisimama mama kijana wa Rugerero, upande wetu. Kano za kidole gumba zilikuwa zimemvimba kwa kumnyanyua mtoto, na daktari wa Goma alikuwa amemfunga jasi ngumu hadi juu ya kifundo cha mkono. Siku ya kufunguliwa ilikuwa imefika.

"Weka kidole hapa," ofisa alisema, akisukuma wino.

"Iko ndani ya jasi, shefu. Chukua cha kushoto."

"Serikali inataka cha kulia. Bila kidole hauvuke."

"Lakini naenda kwa dokta akifungue!"

"Bon, sawa. Akifungue, ndiyo uvuke."

Sisi tulicheka, yeye akalia. Nikamshikia mtoto. Dada ya yule mama, aliyekuwa akimsubiri ng'ambo, akakimbia kumwita daktari. Daktari alikuja na mkasi mkubwa, akakata jasi juu ya kizuizi, kila mmoja amesimama katika nchi yake. Mama akabonyeza kidole kwenye wino.

"Unaenda Goma kufanya nini?" ofisa akauliza.

"Kufunguliwa kidole."

"Si kimeshafunguliwa? Rudi nyumbani, mama."

Alikikunja, akakikunjua. Hakikuuma. Akamnyanyua mtoto wake kutoka mikononi mwangu, akarudi Rugerero akicheka.

Mimi, niliyefuata sabuni tu, nilivushwa bila swali.