Mbuzi Watatu Waliorudishwa Kutoka Kambu

Kamati ya harusi ilinipangia kazi ya kumchukua baba wa bibi harusi kutoka uwanja wa ndege Nairobi. Niliiona kwenye simu, katika lile kundi letu lenye kelele. Wengine walikuwa wamepewa maua, wengine keki, na mimi nilikuwa nimepewa yeye. Ningekataa, lakini ningetoa sababu gani?

Bibi harusi nilimlea mimi. Ni mtoto wa dada yangu mdogo, aliyefariki mtoto akiwa na miaka mitatu. Mimi sikujaliwa kuzaa, kwa hiyo aliniita mwaitu, yaani mama, na mimi nikaitika. Alichagua kufungia ndoa yake katika hoteli ya mahema karibu na Mtito Andei. Wageni walinung'unika kwa ajili ya umbali, naye akawaambia kwamba anataka milima ya Chyulu kwenye picha. Mimi aliniambia ukweli. Hoteli hiyo iko mbele kidogo ya Kambu, na Kambu ndiko alikozikwa mama yake.

Baba yake alialikwa kama mgeni tu, kiti cha safu ya tatu. Babu, yaani baba yangu, ndiye angemshika mkono kumpeleka kwa bwana harusi. Msichana alikuwa amemtafuta baba yake mwenyewe kwenye mtandao, akamwandikia mistari miwili ya mwaliko, basi. Hakumwuliza lolote. Ana kiburi cha dada yangu, na pia alidhani jibu analijua, kwa sababu jibu nilimpa mimi. Alipokuwa na miaka tisa aliniuliza, "Baba alikuja kumzika mama?" Nikasema hakuja. Alipomaliza kidato cha nne akauliza tena. Nikasema hakuja, nikaendelea kuosha vyombo.

Alikuja. Na kwetu Ukambani, kuja kwake kulikuwa na maana kubwa. Mwanamke hajaolewa mpaka mbuzi watatu wa ntheo wafike kwa baba yake. Mnaweza kukaa pamoja, mkazaa, mkanunua hata friji, lakini bila mbuzi hao wewe bado ni msichana wa kwenu. Dada yangu aliugua ghafla wakati mbuzi wangali wanazungumziwa. Mwanamke akifa hivyo, mwanamume hubaki na nafasi moja, awalete kabla marehemu hajazikwa. Akiwaleta, marehemu ni mke wake, akitaka atamzika kwao, na mtoto ni wake. Asipowaleta, marehemu anazikwa kwa baba yake na mtoto anabaki hapo hapo.

Asubuhi ya mazishi nilikuwa nimetumwa barabara kuu kuwaelekeza wageni. Nikaona pikapu. Ilitoka Tseikuru, kwao, kule mbali kaskazini mwa Kitui. Ndani alikuwa yeye, mjomba wake na dereva, na nyuma mbuzi watatu, mmoja dume. Nilisimama mbele ya gari nikamwambia, "Baba amekataa. Amesema ukikanyaga boma lake kutakuwa na vita. Rudi tu."

Baba hakuwa amesema neno. Ningependa kuandika kwamba ulimi uliteleza, lakini nilikuwa nimeyapanga maneno hayo tangu alfajiri. Nilimtaka yule mtoto. Nilijua kwamba akienda Tseikuru sitamwona tena.

Basi sasa, baada ya miaka yote hiyo, kesho yake ikiwa harusi, nilisimama uwanja wa ndege pale wanapotokea abiria nikimngoja. Alitoka na sanduku moja, ameota mvi, amevaa koti zito la huko Kanada anakoishi, kwenye joto letu. "Shem," alisema, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Alipotaka kuliweka sanduku kwenye kiti cha nyuma nilimzuia. Nilisema liende kwenye buti. Aliniuliza kwa nini na kiti ni kitupu, nikasema ni kichafu.

Hakikuwa kichafu. Mimi ni mtu wa kanisa, na mchungaji wetu angenikemea vikali kwa haya, lakini tangu nilipowasha gari asubuhi dada yangu alikuwa ameketi pale nyuma. Sikumwona. Nilijua tu, kama unavyojua kwamba kuna mtu chumba cha pili. Niliogopa kutazama kioo, na katika barabara ile usipotazama kioo malori yatakumaliza.

Nilijiambia nitamwambia ukweli tukifika Salama. Tukapita Salama. Nikajiambia Sultan Hamud, kisha nikajiambia Emali, tukinywa chai. Emali tukanywa chai, akala chapati mbili akisema amezikosa miaka yote, na badala ya mimi kusema, akasema yeye.

"Unajua, wale mbuzi sikuweza kuwauza."

"Mbuzi gani?" nikauliza. Aibu yangu haikuwa na mwisho.

"Wale, shem. Niliwarudisha Tseikuru. Mama yangu naye akakataa wachinjwe. Alisema hao ni wa mzee wa Kambu, huwezi kula mbuzi wa mtu. Wakakaa pale bomani mpaka wakafa na uzee."

"Msichana umemwambia?"

"Nimwambie nini? Kwamba babu yake alinifukuza? Huyo mzee amemlea. Siwezi kuwagombanisha kwa simu, tena na harusi iko karibu. Wacha tu nikae kwa kiti changu."

Alilipia chai kabla sijafungua mkoba. Nilikasirika, nikajua kwamba najikasirikia mwenyewe, na hilo halikunipunguzia hasira hata kidogo. Niliendesha kwa kasi mbaya kupita Makindu na Kibwezi, sisemi kitu, naye alidhani nimechoka, akaniuliza kama anaweza kunisaidia usukani.

Tulipofika Kambu aliomba tusimame. Nilisimamisha gari karibu na wauza matikiti, mkabala na ile njia ya vumbi inayokwenda kwetu. Alishuka, akavuka, akasimama pale pale nilipomsimamisha. Nikamfuata kwa sababu kubaki na yule aliyekuwa nyuma kulikuwa kubaya zaidi.

"Nyumba bado inaonekana kutoka hapa?" akauliza.

"Miti imefunika. Unataka tuingie uone kaburi? Watu wote wako hotelini."

Alifikiri. "Hapana. Bila mzee kuniruhusu, sitaingia."

Hapo ndipo pangekuwa mahali pazuri pa kusema. Hapakuwa na mtu isipokuwa wauza matikiti, na upepo wa malori ungeyachukua maneno. Nilifungua mdomo. Nikasema tutachelewa.

Tuliporudi garini nilifungua mlango wa nyuma, nikaushikilia ukiwa wazi, nikangoja kwanza dada yangu, ambaye nilijua alitufuata, aingie. Kisha nikaufunga. Nilipogeuka, yule mwanamume alikuwa akinitazama kutoka upande wa pili wa gari. Aliingia mbele, akafunga mkanda.

Tulifika saa kumi. Hoteli zile zina mambo yake. Hata hujavuta pumzi, kijana mwenye tabasamu anakuletea kitaulo chenye maji na glasi ya sharubati. Msichana alikuja barazani akiwa na nywele nusu zimesukwa. Alimpa baba yake mkono. "Karibu sana," akamwambia. "Safari ilikuwaje?" Angemwambia hivyo hivyo mteja wa benki anakofanya kazi.

Baba yangu alikuwa ameketi hapo barazani na fimbo yake. Hakuinuka. Alimkazia macho yule mwanamume.

"Umefika leo," akasema.

"Nimefika, mzee."

"Mimi nilikungoja ile siku. Nilikataza wasiteremshe jeneza. Watu wakakaa juani mpaka saa tisa. Nilisema huyu kijana atakuja, mbuzi anao. Tungojeeni."

Miaka yote nilidhani siku ile tuliwangoja jamaa zetu wa Kikima.

Yule mwanamume aligeuka akanitazama. Alinitazama muda wa kutosha kuelewa kila kitu, na niliona akielewa. Kisha akainamisha kichwa mbele ya baba yangu.

"Nisamehe, mzee," akasema. "Nilichelewa."

Msichana alitikisa kichwa kidogo kukubali, akamwashiria kijana achukue sanduku lipelekwe chumbani. Ilikuwa imekwisha. Baba yake aliinyanyua dhambi yangu akaibeba yeye, na harusi ingeendelea, na mimi ningekaa safu ya kwanza kwa gauni la zambarau na kuitwa mama.

"Hakuchelewa," nikasema. "Alifika saa tatu asubuhi na mbuzi watatu. Mimi nilimrudisha. Nilimwambia baba amekataa."

Baba yangu alinitaka nirudie kwa Kikamba. Nikarudia, na kwa Kikamba yalikuwa mabaya zaidi. Alishika fimbo kwa mikono yote miwili, akafumba macho.

"Kwa nini?" msichana akaniuliza.

"Nilikutaka wewe."

Hakulia. Nilimlea asilie mbele ya watu, na siku hiyo nilijuta kumfunza hivyo. Alinitazama mimi, akamtazama baba yake, akanirudia mimi.

"Na mimi nilikuwa wapi, mwaitu? Hiyo asubuhi. Nilikuwa na nani?"

"Nilikuwa nimekubeba," nikasema. "Mgongoni. Ulikuwa umelala."

"Hakuwa amelala," baba yake akasema taratibu. "Alinipungia mkono."