Kiti cha Mbele katika Basi la Hadderby

Jumamosi, tarehe 19 Agosti 1989, abiria thelathini na wanane walipanda basi la washabiki wa Hadderby Town mbele ya kanisa la Mtakatifu Luka, kwenda kuishuhudia timu yao ikifungua msimu ugenini. Aliyewahesabu alikuwa Percy Entwistle, mstaafu wa idara ya maji, mwenye umri wa miaka sitini na minane. Alisimama mlangoni, akamgusa kila mmoja begani kwa kidole, akihesabu kimoyomoyo, kisha akaketi katika kiti cha mbele na kumwambia dereva, "Haya, Len, tuondoe."

Kando yake, upande wa dirishani, alikaa Cyril, kama alivyokaa kwa miaka yote kumi na mmoja ambayo Percy alikuwa msimamizi wa basi hilo. Cyril alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye miaka sabini na mmoja na goti la kulia lililokuwa likimsumbua. Percy alijua kwamba mwenzake hula mkate wa mayai usiotiwa chumvi, kwamba hapendi makipa wafupi, na kwamba aliwahi kuona Hadderby ikifunga mabao manne ndani ya theluji mwaka 1947. Hakujua Cyril anaishi mtaa gani. Hakujua kama ana mke, au aliwahi kuwa naye. Hata jina lake la ukoo hakulijua. Haikuwa dharau. Ndivyo wanaume wa Hadderby walivyokuwa wakiishi: mtu humpa mwenzake Jumamosi yake nzima, na siku nyingine hubaki nazo mwenyewe.

Siku nyingine za Percy zilikuwa tupu. Mkewe, Elsie, alikuwa amefariki miaka sita nyuma, na tangu hapo nyumba ilikuwa na redio, saa ya ukutani na yeye. Kati ya Jumatatu na Ijumaa, sauti yake mwenyewe aliisikia kwa mwuza nyama tu, anapoagiza kipande kimoja cha ini. Kwa hiyo akiba yote ya maneno yake aliitumia katika kiti kile cha mbele, na aliyeipokea alikuwa Cyril.

Basi lile lilikuwa na desturi ambayo hakuna aliyejua ni nani aliyeianzisha. Timu ikishindwa, hakuna aliyeruhusiwa kutamka neno mpaka basi lipite chini ya daraja la Oxley, daraja la mawe lililovuka barabara kuu ya kutoka kusini. Hata waliokuja pamoja hawakukaa pamoja; kila mmoja alijitafutia kiti chake na kuugulia humo. Cyril alikuwa akienda nyuma kabisa, juu ya injini, ambako joto lilimtuliza goti. Daraja likishapita, Percy aligeuka na kuita, "Cyril, chai!" naye akarudi mbele akichechemea, mazungumzo yakaanza.

Msimu ule kimya kilikuwa kingi. Kufikia Novemba Hadderby walikuwa wameshinda mara mbili tu na walikuwa wakiburuta mkia katika daraja la chini kabisa la Ligi. Abiria walipungua. Waliokwenda Penmouth, mji wa bandari kule mwisho wa kusini magharibi, walikuwa thelathini na mmoja.

"Basi linaondoka robo saa baada ya filimbi," Percy alitangaza walipofika. "Asiyekuwepo ataachwa."

"Ahadi tu!" akadakia Doreen Tattersall, aliyekuwa akisafiri na dada yake Maud, wote wawili wastaafu wa kiwanda cha biskuti. "Miaka yote unatutishia kutuacha, na hujatuacha hata mara moja. Mwanamume gani wewe?"

Basi zima likacheka, na Percy naye akacheka.

Wakafungwa manne bila. Giza la majira ya baridi lilikuwa limekwisha kuingia waliporudi kwenye basi, shingo zimezama ndani ya skafu za bluu na nyeupe, kila mtu na kiti chake, kila mtu na msiba wake. Percy alipita katikati akihesabu vichwa. Thelathini na mmoja. Nyuma kabisa, juu ya injini, mtu alikuwa amejikunyata, skafu imemfunika mpaka kwenye nyusi. Percy hakumgusa, kwa kuwa hakutaka kumwamsha. Alirudi mbele, akamwashiria Len kwa mkono, nao wakaondoka.

Daraja la Oxley lilipopita, aligeuka. "Cyril, chai!"

Mtu wa nyuma akainuka, akaondoa skafu. Alikuwa jamaa mnene, mwenye sharubu nyekundu, ananuka bia.

"Samahani," alisema, "hili silo lile la kwenda bandarini?"

Ilikuwa hivi: Penmouth nao rangi zao zilikuwa bluu na nyeupe. Jamaa yule, katika kusherehekea mabao manne, aliona basi lenye joto limeacha mlango wazi, akapanda akidhani ni la kwao, akalala. Na kwa vile Hadderby walikuwa wamefungwa, hakuna aliyemsemesha.

Len alipunguza mwendo, akaegesha kando. "Bosi, nigeuze?"

Percy alitazama nyuma. Nyuso thelathini zilimtazama, zimechoka, zimekunjamana kwa baridi. Walikuwa wamekwisha kula zaidi ya nusu ya safari. Sheria ilimpa dereva saa maalumu za kuendesha, na Len alikuwa karibu kuzimaliza. Mtoto wa mtu alikuwa akilia. Percy alihisi kwamba wote wanasubiri neno moja kutoka kwake, akalitoa.

"Twende nyumbani. Ni mtu mzima. Atajijua."

Kwenye kituo cha mapumziko alipiga simu klabuni Penmouth. Ikaita weee, bila mtu. Yule mwenye sharubu walimnunulia pai ya nyama, wakamtafutia dereva wa lori aliyekuwa akielekea kusini. Yasemekana alifika kwake kabla ya saa sita ya usiku, ameshiba na amelevuka. Cyril alifika Hadderby kesho yake mchana, kwa treni. Alikuwa ametoka chooni taratibu kwa sababu ya goti, akaona taa nyekundu za basi zikikunja kona.

Percy aliyasikia hayo kwa watu, si kwa kinywa cha Cyril. Alitaka kwenda kuomba radhi Jumatatu asubuhi, akavaa koti, akafika mlangoni, ndipo alipotambua kwamba hana pa kwenda. Kitabu cha simu hupanga watu kwa majina ya ukoo. Alikaa juu ya ngazi, koti mwilini, mpaka redio ikamaliza habari.

Safari iliyofuata, Cyril hakutokea. Percy aliweka mfuko wake wa chakula kwenye kiti cha dirishani.

"Hivi kuna mtu anajua Cyril anaishi wapi?" aliuliza.

Watu wakatazamana. "Mie najua anapenda mayai tu," alisema Doreen. Maud alikuwa akitazama nje, ingawa kioo kilikuwa kimejaa ukungu.

Kwa miezi mitano mfuko ulisafiri katika kiti kile. Washabiki wageni walipotaka kukaa, Percy aliwaambia kiti kina mwenyewe.

"Mwenyewe ndiye huyo mfuko?" Doreen alimwuliza siku moja ya Februari. "Unasafiri vizuri sana, mashallah hausemi ovyo. Umelipiwa nauli?"

"Umelipiwa."

"Basi wewe bwana unaumwa. Njoo ukae huku nyuma na sisi. Maud ana keki."

"Nashukuru. Niko sawa hapa."

Hakuwa sawa. Daraja la Oxley likipita, basi zima lilianza kunong'ona, kisha kuzungumza, kisha kucheka, naye alimimina chai katika kifuniko kimoja, akainywa akitazama matone ya mvua.

Katika mechi za nyumbani Hadderby alimwona mara moja tu. Tangu zamani walikuwa wakisimama wote wawili nyuma ya goli la upande wa mfereji, na kipindi cha pili wakizunguka kwenda goli la pili pamoja na washabiki wote wa kusimama. Sasa Cyril alikuwa ameketi katika jukwaa la wenye viti, upande wa pili wa uzio. Percy akainua mkono. Cyril alikuwa akiukazia macho uwanja, na timu zilikuwa hazijatoka. Percy aliushusha mkono taratibu, akajifanya alikuwa akiitengeneza kofia.

Mechi ya mwisho ilichezwa Jumamosi ya kwanza ya Mei, huko Saltmere, pwani ya mashariki. Hadderby wakishinda, wanabaki. Wakitoka sare au wakifungwa, wanatolewa katika Ligi. Ingetazamiwa basi lijae siku kama hiyo, lakini mji ulikuwa umekwisha kata tamaa. Walipanda watu kumi na mmoja, pamoja na Percy mwenyewe.

Jua lilikuwa kali ajabu. Sehemu ya wageni ilikuwa ngazi tupu za saruji, zimeota magugu, na mtu mmoja alikuwa amekwisha tangulia: Cyril, amesimama penye reli, chupa ya chai miguuni.

Percy alishuka ngazi. Maneno aliyoyatunga kwa miezi mitano yote yalimtoroka.

"Umefika mapema," alisema.

"Treni mbili. Ya kwanza ilikuwa na wanajeshi, ya pili ilikuwa tupu."

"Kiti chako kipo."

"Nimesikia. Nimesikia kimekaliwa na mfuko."

Timu zikatoka. Wakapiga makofi wote wawili, kila mmoja akitazama mbele. Mpira ulichezwa muda mrefu, wa hovyo, wa woga, mipira inapigwa juu kama watu wanaofukuza kunguru. Hata Cyril alishindwa kujizuia.

"Tazama kipa wao. Anafika kwapani kwa mwamuzi!"

"Na bado hatumfungi," alisema Percy, na moyo ukamruka kwa furaha. Hapo ndipo alipojitosa. "Cyril. Kule Penmouth. Nilihesabu vichwa, vikatimia."

"Najua. Kuhesabu kulikuwa kosa tu. Mimi pia ningekosea, gizani, na kimya kile." Cyril aliinama, akamimina chai, akanywa kidogo. "Nilikutana na Maud sokoni. Mimi mwenyewe nilimwuliza, naye si mtu wa kusema uongo. Alisema Len alitaka kugeuza. Akasema ulimwambia mimi ni mtu mzima, nitajijua."

Percy angeweza kutaja sheria ya madereva. Angeweza kumtaja yule mtoto aliyekuwa akilia. Alizishika reli kwa mikono miwili.

"Nilisema hivyo."

"Mm."

"Walikuwa wakinitazama wote. Niliogopa kuwachukiza."

"Nililala kwenye benchi la stesheni, Percy. Koti nimejifunika miguuni. Mfagizi mmoja alinipa gazeti la kuweka chini ya kichwa." Alisema bila kupandisha sauti, kama anayesimulia mechi ya zamani. "Na usiku kucha nilikuwa nikijiambia, Percy atarudi. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo, unajua? Kila taa ikikunja kona, nilikuwa nikianza kuvaa koti."

Percy alifungua kinywa. Wakati huo huo beki wa Hadderby akamkwatua mtu ndani ya boksi, filimbi ikalia, na Saltmere wakafunga penalti. Dakika zilizosalia zilipita bila tukio. Filimbi ya mwisho ilipolia, wachezaji wa Hadderby walikaa chini pale pale walipokuwa. Mmoja alilala kifudifudi. Doreen alikuwa akilia waziwazi, Maud amemshika kiwiko.

Katika ngazi zile hakuna aliyesema neno, kama ilivyo desturi. Percy aliivunja.

"Nisamehe," alisema. "Rudi na sisi. Au mimi nirudi nawe kwa treni. Doreen atawahesabu watu, si kazi ngumu, wako wachache. Nisamehe, Cyril."

Maud aligeuka na kumtazama, kwa maana alikuwa hajawahi kumsikia mtu akizungumza kabla ya daraja.

Cyril alifunga chupa yake, akakaza kifuniko, akaitia mfukoni. "Nimekwisha kukusamehe, bwana. Kitambo. Vinginevyo nisingekujibu." Alimgusa Percy begani kwa kidole. "Lakini usinifuate. Si kwa ubaya. Kwenye basi ningekuwa nikitazama mlango njia nzima, na goti langu, na saa yangu. Kwenye treni sina wa kumtegemea, basi nalala vizuri."

"Na msimu ujao? Huko chini tunakokwenda?"

"Nitakuja. Tutaonana uwanjani."

Alipanda ngazi moja moja, akishika reli. Percy alimtazama mpaka kofia yake ikatoweka langoni, kisha akaenda kwenye basi. Safari hii hakuhesabu vichwa. Alipita kiti kwa kiti, akainama, akamtazama kila mtu usoni na kumwuliza jina lake kamili na mtaa wake. Wengine walidhani kufungwa kumemwathiri akili, lakini wote walijibu. Mfuko aliutia chini ya kiti. Len akawasha injini.

Walioondoka Saltmere kwa basi: Doreen na Maud Tattersall, wa mtaa wa Mill Brow, mume na mke waitwao Pilling, na binti yao, ndugu watatu wa familia ya Greenhalgh, mwalimu mstaafu Horace Lomax, mjane Ivy Sugden, na Percy Entwistle. Jumla, watu kumi na mmoja, na dereva. Aliyeondoka kwa treni: mmoja.