Inuka Kwenye Hicho Kiti

Siku ile haijanitoka kichwani, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya. Hasira juu yangu mwenyewe, na sasa juu yako pia, maana juzi ulipotoka Geita kuja kunisalimia hapa Nyahanga nilikuona unashuka kwenye gari umeshika kiuno. Na umri wako huo mdogo. Ukaniambia ni uchovu wa ofisini tu.

Nilikuwa mchapaji katika ofisi ya pamba mjini Shinyanga. Nilikaa kutwa nimejikunja kwenye mashine ya chapa, chai naletewa mezani, na nilijisifu kwamba siinuki mpaka jioni. Mama Kabula, mfagizi wetu, mtu mzima wa kuamkiwa shikamoo, alinionya zaidi ya mara moja ninyooshe mgongo, nitembee kidogo. Nikamjibu mbele ya watu kwamba yeye afagie, mambo ya ofisi atuachie wenye elimu. Naona aibu hata leo.

Wiki hiyohiyo niliinama miguu imenyooka, nikanyanyua boksi la mafaili. Nikasikia kama kitu kimekatika kiunoni. Nilitolewa ofisini nimebebwa kwenye blanketi. Dada yako Holo alikuwa na miezi minne. Wiki sita sikuweza kumnyanyua mtoto wangu. Analia, mimi namtazama. Aliyekuja kila alasiri kumbeba mgongoni ni Mama Kabula yuleyule. Siku nilipomwomba radhi hakunibembeleza.

"Mimi hukunikosea kitu," alisema kwa ukali. "Mwombe radhi huyu mtoto."



Basi usinichekee ninapokugombeza. Kila nusu saa inuka utembee, hata kama bosi anakutazama. Kaa mgongo umeegemea kiti, nyayo zimekanyaga sakafu, kompyuta iwe usawa wa macho. Ukinyanyua kitu kizito kunja magoti, kikumbatie karibu na mwili, au ita mwenzako. Jioni achana na bodaboda, rudi kwa miguu. Maumivu yakishuka mguuni, au mguu ukifa ganzi, nenda hospitali. Usimeze vidonge vya dukani ukanyamaza. Na kama yupo anayekuonya hapo kazini, awe mlinzi, awe mpika chai, msikilize. Mimi nilijiona msomi, nikaumia kijinga.

Nimemaliza kufoka. Mungu akutangulie katika kazi yako, mwanangu, akupe kiuno chenye nguvu, uzeeke ukitembea wima.