Hongwe Asiye na Mwiba: Safari ya Chwaka na Mkwe Wangu

Mitaa ya Kikwajuni imeshasema mengi. Wako wanaosema mkwe wangu Masoud aliumwa na nyoka wa baharini. Wako wanaosema nimemroga mimi. Na mmoja, jina lake nnalijua na yeye anajua kuwa nnalijua, amesema tulikwenda Chwaka kufukua mali ya wazee. Basi nimeshika kalamu. Mimi nilisoma Kurani chuoni mpaka nikahitimu, na kuandika hivi nilijifunza ukubwani, kwa kuwachungulia wanangu wakifanya hesabu zao za skuli. Anayetaka maneno ya fahari akanunue gazeti. Hapa nitaeleza safari ilivyokwenda, na atakayeongeza lake baada ya kusoma, tutaonana kisimani.

Sababu ya kuondoka ni hii. Masoud ni karani katika ofisi ya samaki, mjini. Msiniulize samaki wana haja gani na ofisi. Tangu vita vya Hitla viishe, miaka kumi hii, kila kitu kimepata ofisi yake. Mkubwa wake ni Mzungu tunayemwita Bwana Miwani, mtu mpole, kazi yake kuwapanga samaki wa pwani yetu kwa koo zao, huyu mlango huu, yule mlango ule, na kila mmoja kumpa jina la Ulaya, kana kwamba walikuwa wakiogelea tu bila majina, wakimsubiri yeye ashuke melini.

Masoud alikuwa bado yuko kwenye majaribio, mwaka wa pili sasa. Siku moja alinunua hongwe sokoni, akamtia katika chupa ya dawa ya kuzuia kuoza, akampelekea Bwana. Hongwe nyote mnamjua: samaki wa matopeni, hana magamba, ana masharubu, na ana miba mitatu ya sumu, mmoja mgongoni na miwili mbavuni. Huyu wa kwenye chupa hakuwa na hata mmoja. Bwana akauliza, "Na haya makovu hapa ni ya nini?" Masoud, asiyeweza kusema "sijui" hata akiulizwa jana alikula nini, akajibu papo hapo, "Ndivyo alivyoumbwa, Bwana. Huyu ni kabila jingine. Wavuvi wa Chwaka wanamjua sana."

Masoud alikuwa hajatia mguu Chwaka tangu azaliwe.

Bwana akafurahi furaha ya mtu aliyepata mtoto wa kiume. Akaandika barua ya kwenda kwao kwamba Unguja amepatikana hongwe mpya. Akamwambia Masoud aende Chwaka alete wengine watano kabla meli ya barua haijaondoka Alkhamisi. Akirudi nao, atamtilia saini karatasi ya kuthibitishwa kazini. Asiporudi nao, ofisi itamtazama mtu mwingine.

Mwanangu Zuhura, mkewe Masoud, mimba ya miezi saba, akanijia analia. "Mama, wewe ni mzaliwa wa kule. Nenda naye. Na nnakuomba kwa Mungu, usimvunje. Akikosa kazi tutarudi Mpendae kwa mamake, na mamake unamjua."

Mamake namjua. Nikaahidi kufunga mdomo. Wanaonijua wanajua kuwa ningeahidi kuchimba kisima ingekuwa rahisi zaidi.

Jumatatu asubuhi, Darajani. Masoud alikuja amevaa suruali nyeupe, koti, na viatu vyeusi vinavyong'aa, nguo za mtu anayekwenda matopeni kumtafuta samaki wa matopeni. Mkononi ana daftari na chupa mbili. Mimi na mkwe wangu tuna adabu zetu: hatutazamani usoni, hatuli sinia moja, na neno zito hatuambiani ila kwa kupitia mtu wa tatu. Garini hakukuwa na mtu wa tatu tunayemjua, isipokuwa kikapu changu. Tulipopita Mwera nikakiambia kikapu, "Mimi hongwe asiye na mwiba simjui. Wa sokoni huwa wameshavunjwa."

Masoud naye akakijibu kikapu, "Mama, mambo haya yana elimu yake ya vitabu."

Mimi ya vitabu sina. Toka Mwera mpaka Dunga, na Dunga mpaka Chwaka, nilitazama minazi, na minazi ikanitazama.

Chwaka, adhuhuri. Tulifikia kwa Bi Mize, mtoto wa mama yangu mdogo, mwanamke ambaye amepasua samaki wengi kuliko sala walizokosa baadhi ya watu. Masoud akainama, "Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Unakwenda kuoa au unatoka?" alimuuliza, akiyatazama yale mavazi.

Baada ya chakula, Masoud akateremka pwani kwa Mzee Ame. Huyu ndiye mwenye uzio, ule ua wa fito unaosimikwa majini; maji yakikauka, samaki hubaki ndani hawana pa kwenda. Mimi na Bi Mize tulikuwa karibu, tunachambua dagaa, na masikio tunayo.

"Mzee, hapa kwenu mnaye hongwe asiye na mwiba?"

Mzee Ame akaviangalia viatu, akaliangalia daftari. "Watoka ofisini?"

"Naam."

"Yupo, bwana. Wataka wangapi?"

"Watano."

"Utawapata alasiri. Wakubwa au wa kiasi?"

Chwaka mgeni haambiwi hapana. Mgeni akiomba maji ya dafu na minazi haijazaa, ataambiwa asubiri kidogo. Na mgeni mwenye daftari ndiyo kabisa. Huyo hupewa anachokitaka upesi ili aondoke. Masoud akarudi anatembea kama aliyeuona mwezi wa Idi peke yake.

Alasiri wakaletwa barazani kwa Bi Mize watano juu ya kuti, wote hawana mwiba. Masoud akawapima kwa rula, akaandika. Bi Mize akainama kuwatazama.

"Masoud, mwanangu, mbona wanatoka damu mgongoni?"

"Ndiyo rangi yao, Bi Mize."

Bi Mize akanigeukia. Mimi nikaliangalia paa. Nilikuwa nimeahidi.

Saa kumi na moja ngarawa ikarudi, Bi Mize akaletewa samaki wake, akakaa kitako kuwachambua. Kazi hiyo wanawake wa Chwaka huifanya kwa kidole. Maana hongwe na fumi wamefanana, masharubu kwa masharubu, lakini ukimpanua mdomo na kumpapasa kaakaa, mmoja ana mabaka ya vijino vya kukwaruza kama tupa, na mwenziwe mabaka yake yamekaa vingine. Bi Mize hatazami hata: "Hongwe. Hongwe. Fumi. Hongwe." Masoud akaacha rula yake, akasogea. Kitabuni amesoma habari za hayo mabaka, ila hakujua kuwa yanaweza kusomwa na mtu anayepiga soga.

Mara Bi Mize akampanua mmoja, na mdomoni mkajaa mayai makubwa kama gololi.

"Huyo ni mlafi," akasema Masoud, kalamu juu. "Anakula mayai ya wenziwe."

Bi Mize akachukua kisu, akampasua tumbo. Tupu. Hata chembe ya mchanga hamna. "Huyu ni baba," akasema. "Jike akishataga, dume huyachukua mdomoni, akae nayo wiki na wiki, hali kitu, mpaka yaanguliwe."

Hapo nilishindwa. Nikamwambia Bi Mize, kwa sauti ya kufika pale ilipotakiwa ifike, "Basi ndilo dume pekee nililopata kulisikia limefunga mdomo kwa faida ya watoto wake."

Masoud hakuandika. Aliyatazama yale mayai muda mrefu, kisha akawageukia wale watano wake juu ya kuti. Halafu akamuuliza Bi Mize uzio unafunguliwa saa ngapi kesho.

Jumanne asubuhi, maji makavu. Tulikwenda sote, Masoud amevua viatu, suruali ameikunja magotini, na matope ya Chwaka hayakuiheshimu. Ndani ya uzio hongwe walikuwa wamelala wanakoroma. Samaki huyo akitolewa majini hunung'unika kama mtu aliyeamshwa. Mzee Ame alikuwa na rungu fupi. Anamkanyaga kichwa kwa kisigino, kisha tak, tak, tak: mgongoni, ubavu huu, ubavu ule. Miba imekwisha. Ndipo anamtupa kapuni. Kila mvuvi hufanya hivyo, maana kapu la hongwe wenye miba ni kapu la kilio.

Masoud akasimama. "Mzee, unafanya nini?"

"Nnakutengenezea wa ofisini," akajibu Mzee Ame kwa upole kabisa. "Jana hukusema kama utaongeza."

Kijana alibadilika rangi. Lakini mtu aliyekwisha kusema jambo mbele ya mkubwa wake haliachii hivi hivi. Akainama, ataka kumtazama mmoja ambaye hajavunjwa, labda huo mwiba haupo, labda Mungu atafanya jambo jipya asubuhi ile kwa ajili ya karani wa majaribio. Nilimwona anaupeleka mkono. Ni jambo la kitambo kidogo tu, lakini kitambo cha kutosha mtu kusema "Ewe!" Sikusema.

Hongwe asiye na mwiba akamchoma karani katikati ya kiganja.

Kelele alizopiga sizielezi, kwa heshima ya wajukuu wangu. Mkwe hashikwi na mama mkwe, kwa hivyo Bi Mize ndiye aliyemkokota mpaka nyumbani na kumtumbukiza mkono katika maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia, maana sumu ya hongwe haipendi moto. Alilia mpaka jua likapanda juu. Mimi nilipuliza jiko, na hiyo ndiyo huruma niliyoweza kuionesha kwa mujibu wa adabu.

Mchana maumivu yakapungua, ukabaki mkono uliovimba kama mkate wa kumimina. Masoud akasema, "Bi Mize, mwambie Mama kuwa nshamwambia Bwana. Hawa watano wanatosha. Nikiwapeleka hivi hivi hakuna atakayejua."

Nikasema, "Mwambie mkwe wangu kuwa mimi nimeahidi kufunga mdomo, na nitaufunga. Karatasi yake itatiwa saini na mwanangu hatakwenda Mpendae. Ila mwambie pia kuwa huko Ulaya itaandikwa kitabuni kwamba Unguja kuna hongwe asiyechoma. Atakuja kijana mwengine msomi, atakisoma, atamshika. Huyo naye tutamchemshia maji?"

Bi Mize hakuwa na haja ya kurudia. Nyumba yake ni ndogo.

Jumatano asubuhi, safari ya kurudi. Kwenye kikapu changu nilikuwa nimemtia hongwe mmoja mzima, miba yote mitatu, nimemfunga katika gunia bichi na chumvi. Sikusema ni wa nini. Tulipoteremka Darajani, Masoud alisimama mbele yangu, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu amwoe mwanangu. "Mama, nipe kikapu."

Ofisini, nilikaa kwenye benchi mlangoni. Bwana Miwani alinisalimu kwa Kiswahili kilichopigwa pasi, "Shikamoo, bibi," nami nikampa marahaba yake. Barua ilikuwa mezani imeshafungwa. Kando yake, karatasi ya Masoud, na kalamu juu yake.

Masoud akawatoa wale watano chupani, akawaweka mezani. Bwana akasugua mikono. Kisha Masoud akafungua gunia kwa mkono wa kushoto, akamweka wa sita.

"Ni samaki mmoja, Bwana. Wote sita. Wavuvi huvunja miba kabla ya kuuza."

Bwana akapapasa kaakaa la huyu, akapapasa la yule. Akavua miwani, akaifuta. "Lakini ulisema wavuvi wanamjua."

"Nilisema uongo. Nilikuwa sijui, na niliona haya kusema sijui."

Bwana akaichukua barua, akaichana mara mbili, pole pole, kama anayechana kanga mpya. Kisha akaichukua karatasi ya Masoud. Hiyo hakuichana. Aliirudisha mtotoni mwa meza na kusema wataonana nayo tena baada ya miezi sita, na miezi hiyo Masoud ataifanya pwani, si ofisini. Akaniita ndani, akaniuliza hongwe na fumi tunawatenganisha vipi. Nikamwambia apeleke kidole Chwaka kwa Bi Mize.

Nyumbani, Zuhura hakunisemesha siku mbili. Alidhani nimevunja ahadi. Nilimwacha adhani.

Ijumaa baada ya sala, Masoud mwenyewe alimweleza. Kisha akanigeukia, mkono bado umefungwa kitambaa. "Mama, pale kwenye uzio. Uliniona nnapeleka mkono?"

Ningeweza kusema nilikuwa natazama kwingine. Chwaka ina mengi ya kutazama.

"Nilikuona."

"Na ulijua?"

"Nilijua tangu Mwera."

Zuhura akaacha kufuma. Masoud akanitazama, si kwa hasira, bali kama alivyoyatazama yale mayai. Akasema tu, "Iliuma sana, Mama," akaniongezea kahawa.

Nilichojifunza katika safari hii ni kwamba hongwe wote wana miba, nami nilikuwa nnalijua hilo kabla ya kuondoka. Ile kahawa niliinywa ikiwa baridi. Na tangu Ijumaa ile, nikiwa na neno la kumwambia mkwe wangu, namwambia mwenyewe.