Bustani ya Kaltumu, Onduparaka

Kaltumu aliporudi Onduparaka kutoka ukimbizini Zaire, mwaka 1986, alikuta nyumba yake imeyeyuka. Kwa miaka sita mvua zilikuwa zimezipiga kuta za udongo mpaka zikalala chini. Paliposimama nyumba palibaki mwinuko mwekundu, majani yameota juu. Mumewe, Kamisi, alikuwa amezikwa huko huko Zaire. Kaltumu alibakiwa na kiwanja hicho, pembeni mwa mji wa Arua, na mbegu za bamia alizozifunga kwenye pindo la nguo.

Shemeji yake Hamuza alikitaka kiwanja. Mji ulikuwa unajengwa upya, naye alikuwa mfyatua matofali. Mzee Tahiru, baba mdogo wa marehemu, akaamua udongo upimwe. Ukiwa wa kulimika, Kaltumu abaki. Ukiwa wa matofali, aende kwa ndugu zake Koboko.

Asubuhi ya kupima, Hamuza alipiga jembe katikati ya kiwanja, juu ya ule mwinuko. Akachota udongo, akaulowesha, akausokota kama kamba, akaukunja pete. Pete haikupasuka.

"Baba, ona! Hii iko tofali tupu. Bamia gani itaota hapa? Shemeji, funga sufuria zako."

"Umepima ukuta yangu," Kaltumu alisema.

"Ukuta gani? Iko wapi?"

"Iko mkononi mwako. Baba, hii udongo si ya hapa. Mimi nilibeba kwa kichwa kutoka bondeni, na mimba ya kwanza tumboni. Huyu Hamuza alikuwa anakaa kivulini, anakula karanga yangu."

Mzee Tahiru alicheka mpaka kofia ikamshukia usoni. "Karanga nakumbuka!"

Kaltumu alimnyang'anya Hamuza jembe. Akaenda nyuma, palipokuwa jiko na zizi la mbuzi, akachimba. Udongo ulitoka mweusi, ukamomonyoka vidoleni, na alipousokota, ulikatika. Nyungunyungu wakajikunja kwa kuona jua. Akaenda kuchimba kando ya uzio pia. Hapakuwa na wekundu wowote.

Mzee aliunusa udongo ule, akajipangusa mikono. "Hamuza, hapa iko chakula. Mama huyu anabaki."

"Basi hii nyekundu nichukue mimi. Yeye abaki na nyeusi yake."

"Hata donge moja hupati," Kaltumu alisema. "Shingo iliyobeba ni hii. Nitachanganya na majivu na samadi, ishike maji wakati wa jua. Ukitaka tofali, bonde iko pale. Shuka na kichwa yako."

Hamuza akamtazama mzee. Mzee akatazama barabarani.

Mchana huohuo Kaltumu alianza kuuvunjavunja ukuta wake kwa jembe, akiuchanganya na ule mweusi. Ile pete ya Hamuza aliiponda kwa kisigino, akaisukumia ndani ya shimo alilolichimba Hamuza mwenyewe, akaongeza samadi, na hapo ndipo alipofukia mbegu yake ya kwanza.